Mitokondria za jani hazilali mchana

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa sayansi kuhusu jinsi mmea unavyopata nguvu imeambatana na mchoro wa rangi uliogawanywa katikati. Upande wa jua kuna kloroplasti inatengeneza sukari. Upande wa mwezi kuna mitokondria inaichoma ile sukari. Chini yake mmeandika kwamba seli ya mmea ni "kiwanda chenye zamu mbili". Mchoro unavutia, sikatai. Wanafunzi wameukata na kuubandika kwenye ukuta wa maabara ninayoitunza, juu kabisa ya sinki, kwa hiyo kila ninapoosha vyombo tunatazamana. Nimeuvumilia kwa muda, sasa naandika.

Mimi ni fundi wa maabara ya biolojia shuleni. Sifundishi. Kazi yangu ni kuandaa slaidi, kuchanganya dawa, kuhesabu vioo vilivyovunjika, na kujibu maswali ambayo wanafunzi wanaona haya kumuuliza mwalimu mbele ya wenzao. Tangu mchoro wenu upande ukutani, swali linalorudi ni moja: "Fundi, sasa mitokondria za jani zinafanya nini mchana?" Kwa mchoro wenu, zimelala zikisubiri jua lizame. Ukweli ni kwamba katika jani lililo juani mitokondria zina shughuli ambayo usiku karibu haipo kabisa, na shughuli hiyo ikikwama mmea unakufa huku mwanga ni mwingi na maji yapo tele.

Najua wazo la zamu mbili lilikotoka, na lina ukoo wa heshima. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba sehemu za kijani za mmea huitakasa hewa zikipata mwanga, na kwamba gizani mmea huichafua kama afanyavyo mnyama. Alikuwa sahihi kwa kile alichokipima. Lakini alipima hewa iliyo nje ya jani, na hewa ya nje ni salio tu: kilichoingia ukiondoa kilichotoka. Salio haliwezi kukueleza ndani kumepita nini.

Kuna zoezi ninaloliandaa kila mwaka ambalo linalionyesha jambo hili waziwazi. Unachukua testitubu tatu, unatia kila moja kiashiria chekundu cha haidrojenikaboneti, unaning'iniza jani bichi juu yake bila kuligusisha maji, unaziba kwa kizibo cha mpira. Ya kwanza unaiacha mbele ya taa. Ya pili unaivika foili isipate mwanga hata chembe. Ya tatu unaizungushia kitambaa cha bendeji ili mwanga upenye kidogo. Baada ya saa kadhaa ile ya kwanza imegeuka zambarau, kwa kuwa hewa ya ukaa imenyonywa. Ya foili imekuwa njano, kwa kuwa hewa ya ukaa imeongezeka. Ya bendeji imebaki nyekundu vilevile ilivyokuwa asubuhi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoandika kwenye daftari: "Hakuna kilichotokea."

Mimi hiyo nyekundu ndiyo naipenda kuliko zote mbili. Ndani ya jani lile kloroplasti zinafanya kazi na mitokondria zinafanya kazi, na kila kiasi cha hewa ya ukaa kinachotolewa na hizi kinanaswa na zile. Nje hakionekani kitu kwa sababu ndani hesabu imelingana. Ukiongeza mwanga, mizani inaelemea upande wa kloroplasti, lakini upande wa pili haujafunga duka. Na kwa kuwa nimegusia usiku: kile kisanduku chenu kinachowaonya watu wasilale chumba kimoja na chungu cha maua kiondoeni kabisa. Mtu aliyelala kitanda cha pili anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko maua yote yanayoweza kuenea dirishani, na hakuna anayemwambia alale nje.

Turudi kwenye seli. Mchoro unaionyesha kloroplasti ikijitosheleza, kana kwamba inanasa mwanga, inajaza ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuigawa seli nzima. ATP inaitengeneza kweli, tena kwa wingi. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walichukua tando za kloroplasti za spinachi, wakaziloweka gizani kwenye maji yenye asidi, kisha wakazihamishia ghafla kwenye maji yasiyo na asidi. Zikatengeneza ATP bila mwanga wowote, kwa ule msukumo wa haidrojeni kutoka upande mmoja wa utando kwenda wa pili. Mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell alikuwa ametabiri jambo la namna hiyo tangu 1961, na mitokondria zinatumia msukumo uleule na kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia) cha umbo lilelile. Oganeli hizi mbili, yaani vijisehemu vya ndani ya seli vyenye kazi maalumu, zinafanana mambo mengi, zote zikiwa na asili ya bakteria waliowahi kuingia ndani ya seli nyingine na kubaki humo.

Ila ATP ya kloroplasti haitoki nje kirahisi. Inatumika humohumo, kubwa likiwa kuijenga sukari. Kinachovuka utando kwenda nje ni vipande vya sukari vya kaboni tatu tatu vilivyofungwa fosfeti, na havitoki bure: kwa kila kimoja kinachotoka, fosfeti moja lazima iingie. Upande wa nje vipande hivyo vinaunganishwa kuwa sukrosi, ile sukari inayosafirishwa kwenda mizizini na kwenye matunda, na kuunganisha huko kunakula nishati. Nishati inatoka wapi, saa sita mchana? Watafiti wa Ujerumani, Silke Krömer na Hans Heldt, waliwahi kuchukua seli za majani ya shayiri na kuzipa dawa iitwayo oligomaisini kidogo, kiasi cha kuzuia mitokondria zisitengeneze ATP bila kuigusa kloroplasti. Taa ilikuwa inawaka. Kama zamu mbili zingekuwa za kweli, seli zile zisingehisi chochote. Zilihisi: utengenezaji wa sukrosi ulidhoofika, na usanisinuru wenyewe, ile kazi ya kutengeneza sukari kwa mwanga, ukashuka nao.

Hayo peke yake yangetosha kuwaomba mrekebishe mchoro. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni aya yenu ya mwisho, mlipoutaja upumuaji wa mwangani (jani kutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa likiwa kwenye mwanga) kwa sentensi moja na kuuita "kosa la maumbile lisilo na faida". Hapo naomba nafasi, maana ndipo ushirikiano wa oganeli unapoonekana kuliko mahali pengine popote.

Kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa ndani ya kloroplasti kinaitwa rubisko. Ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote duniani, na sababu mojawapo ya wingi huo ni uzito wake wa kazi: kimoja hukamilisha zoezi kama mara tatu tu kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingi vinahesabiwa kwa mamia na maelfu. Upole huo ungesameheka. Tatizo ni kwamba hakitofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni, na hewa iliyotuzunguka ina oksijeni asilimia 21 dhidi ya hewa ya ukaa asilimia 0.04 hivi. Katika mimea mingi, joto likiwa la wastani, takribani mara moja katika kila tano rubisko hushika oksijeni. Joto likipanda, hushika nyingi zaidi.

Kikishika hewa ya ukaa, zinapatikana molekuli mbili za kaboni tatu tatu, zote za kufaa. Kikishika oksijeni, inapatikana moja ya kaboni tatu na nyingine ya kaboni mbili, iitwayo fosfoglikoleti. Hii ya kaboni mbili haiingii kwenye mzunguko wa sukari, yaani hatua ambazo kloroplasti inajengea sukari, na ikilundikana inavikwamisha vimeng'enya vya mzunguko huohuo. Kloroplasti peke yake haina la kuifanya. Inaivua fosfeti, inabaki glikoleti, inaitoa nje.

Nje inapokelewa na peroksisomu, kifuko kidogo chenye utando mmoja ambacho mchoro wenu haukukipa hata nukta. Humo glikoleti inaunganishwa na oksijeni, na katika kuunganishwa huko inazaliwa haidrojeni peroksaidi, ileile ya kuoshea vidonda na kuchujusha nywele. Ndani ya seli ni sumu. Ndiyo maana peroksisomu imejaa katalesi, kimeng'enya kinachoivunja papo hapo kuwa maji na oksijeni. Anayetaka kuiona katalesi kazini aponde jani bichi kwenye kinu, adondoshee peroksaidi, aone povu linavyoumuka. Kilichobaki cha glikoleti kinavishwa nitrojeni na kuwa glisini, ndogo kuliko asidi amino zote, yaani matofali ya kujengea protini.

Glisini inaingia mitokondria. Ndiyo, mchana, jua likiwaka. Mitokondria inachukua glisini mbili, jumla kaboni nne, na kutoa serini moja yenye kaboni tatu. Kaboni ya nne inatoka ikiwa hewa ya ukaa, na nitrojeni ya glisini moja inatoka ikiwa amonia. Serini inarudi peroksisomu na kugeuzwa gliseriti; gliseriti inarudi kloroplasti, inapigwa fosfeti kwa gharama ya ATP moja, na sasa ni molekuli halali ya mzunguko wa sukari. Katika kila kaboni nne zilizopotea njia, tatu zimerudi. Amonia nayo haiachwi izagae: kloroplasti inaikamata na kuirudisha kwenye asidi amino, na kutoka huko nitrojeni inapatikana tena kwa peroksisomu kutengenezea glisini nyingine. Hasara iliyobaki ni hiyo kaboni ya nne na nishati iliyotumika, na hata kaboni hiyo mara nyingi inanaswa na kloroplasti ya jirani kabla haijafika kwenye vitundu vya jani.

Hebu mtu aniambie hiyo ni zamu ya nani. Kazi imeanzia kloroplasti, ikapita peroksisomu, ikaingia mitokondria, ikapita tena peroksisomu, ikaishia kloroplasti, na mlango uleule wa kwenye utando unaotoa glikoleti ndio unaoingiza gliseriti.

Mwenye shaka kama safari hii ina umuhimu wowote akumbuke kazi ya Chris Somerville na William Ogren huko Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Walichukua arabidopsi, kigugu cha jamii ya haradali ambacho wanasayansi wanakipenda kwa sababu kinakua haraka na hakitaki nafasi, wakazibadili mbegu zake kwa kemikali na kuotesha mimea ndani ya hewa iliyoongezwa ukaa hadi asilimia 1. Katika hewa hiyo rubisko haipati nafasi ya kukosea. Mimea ikastawi yote. Kisha wakaihamishia kwenye hewa ya kawaida, hewa hii ninayovuta mimi na wewe. Mingine ikaendelea kama kawaida, mingine ikaanza kugeuka njano na kufifia. Iliyofifia wakairudisha haraka kwenye ukaa mwingi, nayo ikapona, wakapata kuichunguza. Wakakuta aina moja ina hitilafu kwenye kimeng'enya cha kloroplasti, nyingine kwenye cha peroksisomu, nyingine kwenye cha mitokondria. Dalili ni zilezile. Kiungo chochote cha njia kikikatika, mwanga wa kawaida na hewa ya kawaida vinaua jani. Gizani, ambako kwa mchoro wenu ndiko mitokondria zingepaswa kuhitajika, mimea hiyo haikuwa na shida.

Oganeli zenyewe zinakaa kama zinazojua haya. Mwaka 1969 Sue Ellen Frederick na Eldon Newcomb walichapisha picha za hadubini ya elektroni za seli za jani, na ndani yake peroksisomu zimebanana na kloroplasti, utando kwa utando, mitokondria zikiwa pembeni hapohapo. Kloroplasti ina urefu wa mikromita 5 hadi 10. Peroksisomu ni kama moja tu, kwa hiyo inaonekana imeng'ang'ania ubavuni. Mwaka 2015 Kazusato Oikawa na wenzake wa Japani walikwenda mbali zaidi: kwa mipigo mifupi mno ya leza walijaribu kuzisukuma peroksisomu ziachane na kloroplasti ndani ya seli iliyo hai. Gizani ziliachia kirahisi. Kwenye mwanga zilikuwa zimebadilika umbo, zikawa za mviringo mrefu badala ya duara, na zimeshikana na kloroplasti kwa nguvu kubwa zaidi.

Kwenye maabara za shule, nadhani, picha ya zamu mbili inadumu kwa sababu ya vifaa tu. Kloroplasti tunazionyesha kwenye jani la elodea, kwa kuwa ni jembamba, tabaka mbili za seli, na ukitulia kidogo unaziona zinazunguka kando ya ukuta wa seli zikifuatana. Mitokondria hazionekani humo, kijani kimezifunika. Kwa hiyo tunazitafuta kwenye utando wa kitunguu, usio na kijani, tukiupaka rangi ya Janus mpaka vijitone vya samawati vijitokeze. Mwanafunzi anatoka maabara ameona kloroplasti kwenye mmea mmoja na mitokondria kwenye mmea mwingine. Hajawahi kuziona pamoja. Akikutana na mchoro wenu wenye jua huku na mwezi kule, anaukubali mara moja.

Kuna jambo ambalo ningelikubali kwa mwandishi wenu kama angelisema: njia ya kawaida ya mitokondria kuchoma sukari hupunguzwa mwendo jani likipata mwanga. Kimeng'enya kinachofungua mlango wa njia hiyo hufungwa fosfeti na kuzimwa kwa sehemu, na amonia ile inayotoka kwenye glisini inachangia kukizima. Lakini kupunguza sukari hakumaanishi kulala. Mitokondria zinabadili kuni, tuseme, kutoka sukari kwenda glisini. Mashine inayovunja glisini ni kubwa kiasi kwamba katika mitokondria za jani la njegere inachukua kama theluthi moja ya protini zote zilizoyeyuka ndani, na ukiotesha njegere gizani mashine hiyo ni haba. Zilete njegere hizo kwenye mwanga, inajengwa kwa wingi. Sijui ni ushahidi gani mzito zaidi wa kazi ya mchana kuliko mashine inayojengwa kwa ajili ya mchana.

Na kuvunja glisini kunazalisha nishati. Sehemu yake inakuwa ATP, na hiyo ndiyo inayolipia sukrosi niliyoitaja. Sehemu nyingine inasafirishwa nje ikiwa ndani ya maleti, molekuli ambayo oganeli za jani zinapokezana kutwa nzima, na inafika peroksisomu inayoihitaji kuibadili serini iwe gliseriti. Kloroplasti nayo, jua likiwa kali na nishati ikizidi, inaitoa ziada kwa maleti hiyohiyo. Mitokondria zinaweza kuipokea na kuichoma kwa njia ya pembeni isiyotengeneza ATP nyingi, ambayo wanyama kama sisi hatuna, ili mitambo isielemewe.

Nikiruhusiwa kuacha njia kidogo: njia hiyo ya pembeni ndiyo inayopasha moto maua ya jamii ya arumu, jambo ambalo mwanasayansi Mfaransa Lamarck aliliandika tangu 1778. Ua la yungiyungi aina ya Nelumbo likichanua hujitunza kwenye nyuzijoto 30 hadi 36 hata hewa ya nje ikishuka hadi 10. Nawaeleza wanafunzi kwamba kuna mimea yenye homa kwa makusudi, nao wanadhani nawatania.

Bado kuna nitrojeni. Mmea unaponyonya naitreti na kutaka kuigeuza asidi amino, kloroplasti ina nishati ya kutosha lakini viunzi vya kaboni vya kushikizia nitrojeni hiyo vinatokana na asidi za mitokondria. Tena ni kazi ya mchana. Hakuna protini mpya kwenye jani ambayo mitokondria haina mkono ndani yake.

Mmekosea na upande wa mwezi pia, kwa kuwa mmeifuta kloroplasti humo. Mchana kloroplasti haitoi sukari yote. Sehemu inaiweka ndani yake kama chembe za wanga. Usiku anayevunja wanga huo ni kloroplasti yenyewe, akiutoa nje hasa kama maltosi na glukosi, na hiyo ndiyo mitokondria zinayoichoma mpaka alfajiri. Alison Smith na wenzake wa Norwich, Uingereza, wameonyesha kwamba arabidopsi huvunja wanga wake kwa kasi isiyobadilika usiku kucha, na kufika mapambazuko imetumia kama asilimia 95. Wakizima taa mapema kuliko ilivyozoea, inapunguza kasi usiku uleule ili akiba ifike asubuhi. Ni kama imegawanya kiasi cha wanga kwa saa zilizobaki, na watafiti hao walichapisha mwaka 2013 pendekezo la jinsi kemia ya seli inavyoweza kupiga hesabu hiyo ya kugawanya. Kloroplasti inayopima akiba gizani haistahili kufutwa mchoroni.

Sasa, hilo la "kosa la maumbile lisilo na faida". Kwamba upumuaji wa mwangani una gharama, hakuna anayebisha. Rubisko ilianza kazi zama ambazo hewani oksijeni ilikuwa haba sana, na haikuwa na haja ya kujifunza tofauti. Mahindi na miwa vimepata njia ya kuirundikia rubisko hewa ya ukaa kwenye seli maalumu zinazozunguka mishipa ya jani. Mwaka 2019 kikundi cha Donald Ort, hukohuko Illinois, kilitangaza tumbaku iliyowekewa njia fupi: glikoleti inamalizwa ndani ya kloroplasti, na ule mlango wa kuitolea nje umebanwa. Shambani mimea hiyo iliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 40. Kimeng'enya kimojawapo cha njia hiyo kilitoka kwenye mwani, kingine kwenye boga. Hicho cha boga kinanifurahisha, maana kazi yake ya asili ni ndani ya mbegu inayoota, kwenye peroksisomu zinazogeuza mafuta ya mbegu yawe sukari kwa msaada wa mitokondria kabla chipukizi halijapata jani la kijani. Waliotaka kufupisha ushirikiano mmoja walikwenda kuazima kifaa kwenye ushirikiano mwingine.

Kwa hiyo, ghali ndiyo. Bila faida, hapana. Bila njia hiyo mmea ungepoteza kaboni zote nne, na kabla ya kuzipoteza ungejiua kwa sumu. Mwandishi aliyeona hasara ya kaboni moja asione zile tatu zilizookolewa amesoma nusu ya daftari.

Ombi langu ni dogo. Chapisheni mchoro mpya, ukubwa uleule, maana nafasi ya ukutani ipo. Chora seli moja tu, ya mchana. Weka kloroplasti, ubavuni mwake peroksisomu imeibana, na mitokondria karibu. Mishale iwe hii: glikoleti ikitoka kloroplasti, glisini ikiingia mitokondria, serini ikirudi, gliseriti ikirejea nyumbani, sukari ya kaboni tatu ikitoka na fosfeti ikiingia, maleti iende pande zote. Hewa ya ukaa inayotoka mitokondria iwe na mshale unaoingia kloroplasti, usiishie nje ya jani. Pembeni, kwa udogo, chora seli ileile usiku, kloroplasti ikiwa na chembe zake za wanga zilizopungua. Msiweke jua wala mwezi; wanafunzi wataelewa kwa mishale.

Na mchoraji akihitaji kuona testitubu nyekundu ya bendeji kabla ya kuchora, mwambieni aje asubuhi, kwa kuwa jioni huwa nimeshazimwaga.

Wako katika kazi,

Fundi wa maabara ya biolojia, shule ya sekondari